Ukaya wa Bi Sihaba

Siku walipokuja kuleta posa ya Sada, mama yake, Moza, alikuwa amekwisha kutandika jamvi na kuchemsha kahawa ya tangawizi. Ukaya wa marehemu bibi yake aliutoa sandukuni: nguo ndefu ya kaniki ya kufunika kichwa, yenye ncha mbili zinazoning'inia hadi magotini. Kwao mwari hatoki kwenda kwa mume ila amefunikwa huo. Ilikuwa Desemba ya mwaka sitini na moja, Mabatini nzima inatundika bendera za Uhuru.

Mbaruku, baba wa bwana harusi Msafiri, aliipapasa ile nguo. Mtu wa nasaba huyo. Ukimwachia anaifikisha Maskati. Akauliza hilo neno ukaya limetoka wapi, maana kwao yeye alisikia barakoa tu. Moza, masikini, akajibu alivyofundishwa: ni vazi la mabibi wa ikulu, na neno ni la heshima, la Arabuni. Alisema huku akimtazama Sada pale paziani, mtoto aliyempenda Msafiri hadi kula hakuli.

"Uongo huo, mjukuu wangu," alisema Bi Sihaba, aliyekufa mwaka wa njaa, akiingia kwa mlango wa uani.

Watu wakamsogezea nafasi. Alikuja na bibi mwenziwe, wamejifunika ukaya mmoja wawili, kila mtu na ncha yake, kwa kuwa walinunuliwa siku moja na tajiri mmoja akawapandisha bara.

Bi Sihaba alieleza bila haraka. Mabibi walivaa barakoa. Ukaya walivishwa wajakazi, na ukiuona kwa mbali unajua nani wa kuitwa akachote maji. Neno lenyewe limetoka wapi hakujua, aliyemnunua hakumweleza.

Yule mwenziwe alijikongoja hadi kwa Mbaruku, akamnyoosha kofia.

"Shikamoo mama," alisema Mbaruku.

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

Mbaruku akambusu mkono, akammiminia kahawa, akamchagulia tende laini. Watu wake walitazama vikombe vyao. Moza moyo ukamtulia. Alidhani yamekwisha, kumbe wote ni wamoja. Mbaruku akangoja mama yake amalize kunywa, kisha akainuka.

"Mtuwie radhi," alisema kwa adabu kabisa. "Sisi hatuoi kwa watumwa."

Moza alilia kilio cha kufiwa. Jamani, mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu kaumbuliwa mchana kweupe na bado kaondoka kichwa juu! Sada aliukunja ukaya, akaurudisha sandukuni. Mama yake Mbaruku alibaki pale jamvini, kwa sababu mwanawe hakumwambia twende.

Siku ya Uhuru Mbaruku alipita na bendera mkononi, akamwona mama yake barazani kwa Moza, anapepeta mchele. Akamwamkia, akaitikiwa, akapita zake. Sada alikuwa uani, anawafulia wale mabibi ukaya wao.