Samansi Aliyoipokea Marehemu

Fundi bomba alilazwa siku arobaini, akafia hospitali. Mkewe, ambaye majirani walimwita Mama Vifungo kwa sababu hakumtoza mtu hata senti kwa kushonea kifungo, alilipa alichoweza, akapewa maiti, akazika. Deni lililobaki alijiambia wakilitaka watamtafuta.

Mwaka wa pili alikwenda ofisi ya ardhi ili hati ya nyumba iandikwe jina lake. Karani alifungua faili, akasoma, akamtazama, akasoma tena. Nyumba ilikuwa na zuio. Hospitali ilikuwa imemshtaki mumewe, hukumu ikatolewa ya upande mmoja kwa kuwa mshtakiwa hakufika, na sasa mahakama imeamuru nyumba ikamatwe iuzwe.

"Angefikaje, na mtu alishakufa?"

"Samansi aliipokea mwenyewe, mama," karani alisema, akamsogezea karatasi. "Saini yake hii hapa."

Aliitambua. Mstari wa chini ulikatika katikati, kama siku zote, maana mumewe hakuwa na kidole cha shahada na kalamu ilikuwa ikimponyoka. Tarehe ilikuwa miezi mitano baada ya mazishi.

Binti yake alisema wameghushi, hakuna lingine. Wakili wa msaada wa kisheria aliafiki, akaambatanisha cheti cha kifo na kuomba hukumu ifutwe. Siku ya kusikilizwa aliitwa mpeleka samansi, mzee mpole aliyebakiza miezi michache astaafu. Alieleza bila kubabaika kwamba alipiga hodi asubuhi, mlango ukafunguliwa na mwanamume mrefu aliyevaa singlendi, akaomba asubiriwe akaushe mikono, kisha akasaini karatasi akiiegemeza ukutani.

Wakili alimuuliza kama ana hakika ilikuwa nyumba ile.

"Nina hakika. Hakuwa na kidole hiki. Na mkewe alikuwa chumba cha ndani, nilisikia cherehani."

Mama Vifungo aliikumbuka tarehe ya samansi. Wiki ile alikuwa na oda ya sare za shule, hakutia mguu nje, na chumba cha ndani ndicho alichokuwa akishonea. Hakusikia hodi. Binti yake alimshika mkono akaukuta wa baridi kama umetoka kisimani.

"Alisema neno lolote?" hakimu aliuliza.

"Aliuliza kama nyumba itapona. Nikamwambia sijui, mimi napeleka karatasi tu."

Hakimu aliandika kwamba marehemu hashtakiwi wala hapelekewi samansi, na hukumu ikafutwa. Hata hivyo wakili alimweleza mama wasije wakashangilia mapema: deni halikufa na mwenye nalo, linaangukia mirathi, na mirathi yenyewe ndiyo nyumba. Wakakubaliana na hospitali alipe kidogo kidogo kila mwezi, zuio libaki mpaka amalize. Asingeweza kuiuza nyumba wala kuiwekea dhamana.

Alishona miaka mitatu mpaka macho yakaingia ukungu. Akamaliza, zuio likaondolewa, hati ikatoka kwa jina lake.

Binti yake amemsihi mara nyingi ahamie kwake. Hataki. Anaishi peke yake, na mlango ukigongwa huiacha kazi papo hapo, akakimbia kuufungua, asije akatanguliwa.