Tangulia, Mama

Fundi saa alibuni mchezo wa mezani wenye vyumba arobaini, na katika chumba cha mwisho alichora kiti kwa wino mwekundu. Atakayekikalia kwanza ndiye mshindi. Kete zilikuwa magurudumu ya saa mbovu. Miaka sita alikata na kubandika, mpaka mkewe akazoea kukuta gundi kwenye mashuka. Sasa mwenye kiwanda cha uchapaji alikubali kuuchapa, kwa sharti moja: Ijumaa aje aone unachezwa hadi mwisho. Mchezo usioisha, alisema, si mchezo, ni ukoo.

Jumapili fundi akawaketisha mkewe, shemeji yake na mama mkwe, aliyekuja kusalimia tu. Saa moja haijapita, wote watatu wako chumba cha thelathini na tisa. Hapo wakaganda. Shemeji hawezi kukalia kiti mama yake amesimama. Mke hawezi kumtangulia kaka mkubwa. Mama mkwe naye hakutaka kuonekana mroho wa viti nyumbani kwa mkwewe. Fundi, kwa ujinga wake mwenyewe, alikuwa ameweka kanuni kwamba ukirusha dadu unaweza kumpa mwenzako hatua zako, naye ana haki ya kuzikataa. Basi kila mtu akapisha. Jumatatu wakapisha, Jumanne wakapisha. Kufika Alhamisi wanakula sakafuni kwa kuwa meza ina shughuli, na ruhusa ya shemeji kazini imekwisha.

Fundi alitamani kulia. Aliwasihi wakose adabu mara moja tu, kwa ajili yake. Mama mkwe akamjibu kwamba adabu haina likizo.

Ijumaa, mgeni akiwa tayari anavua viatu mlangoni, fundi alishika kalamu akaibadili kanuni: atakayekikalia kiti kwanza ameshindwa, na hatua ulizopewa hazikataliwi.

Weee! Heshima ile ile, bila kubadili hata neno, ikawa mapanga.

"Tangulia, mama," akasema shemeji, akimpa sita nzima.

Mke akaongeza nne zake, ingawa hatua moja tu ilitosha, sauti laini kabisa. Dakika mbili hazikufika, mama mkwe yuko kitini, kashindwa. Mchapaji alicheka mpaka akashika ukuta, akatoa mkataba papo hapo. Fundi alitia saini kwa furaha, na furaha hiyo ilidumu mpaka alipoinua macho.

Mama mkwe alikuwa akiwatazama wanawe mmoja mmoja.

"Kumbe ndivyo mnavyosemaga?" akauliza taratibu. "Miaka yote hii, tangulia mama, tangulia mama?"

Mchapaji akaaga, nao wakainuka kumsindikiza. Walipofika mlangoni wote wakasimama, na safari hii hakuna aliyethubutu kumpisha mtu. Mama mkwe akajibanza pembeni, akaachia njia.

"Tangulia wewe, mkwe wangu," akasema.

Fundi aliutazama mlango wa nyumba yake mwenyewe, akaogopa kutoka.