Vidole Viwili vya Mama

Kidole cha mwisho kilikataa. Daktari alikuwa amevilaza vile vingine juu ya meza, akavibana ili vinyooke. "Kunja hiki peke yake," alisema. Msusi akajikaza mpaka jasho likamtoka, lakini kidole kilitulia tuli kama si chake.

Asubuhi ile wembe wa kukatia uzi ulimteleza, ukamchana kiganja chini ya kidole hicho. Kama kano inayokivuta ilikuwa imekatika, basi kusuka kwake kumekwisha, na huo ususi ndio urithi pekee aliopata kwa mama.

Mama alisuka nywele kwa namna yake. Kidole chake cha pete na cha mwisho viliinuka na kushuka pamoja, vikiubana uzi, na wateja walisema hawajaona mistari iliyonyooka vile. Msusi aliushika mtindo huo angali mdogo. Dada yake mkubwa, ambaye sasa alikuwa ameketi kando yake, ulimshinda. Vidole vyake vilikwenda kila kimoja na njia yake, na mama alimgonga kwa chanuo akimwambia, "Wewe huna mkono."

Daktari akashika pingili ya katikati ya kidole. "Kunja ncha." Ncha ikakunjika. Akaisukuma, ikakaza. Akakunja uso kidogo, kisha akaomba mkono wa pili, ule mzima, akaubana vilevile. Kidole cha mwisho cha mkono huo nacho kikakataa.

"Kano haijakatika," alisema. "Umezaliwa hivi. Kwa watu wengine kidole hiki humfuata jirani yake. Nitashona ngozi tu. Kuna mwingine kwenu aliye hivi?"

"Mama," alisema msusi. "Alikuwa." Machozi yakamtoka bila kuaga.

Dada mtu akaweka mkono wake mezani. "Hebu na mimi nishike, daktari."

Daktari akambana. Kidole chake cha mwisho kikajikunja peke yake, chepesi.

"Miaka yote ile nagongwa chanuo," alisema dada, "kumbe kosa ni la kuzaliwa."

Wakacheka wote. Kisha dada akakitazama kidole chake. "Lakini, mdogo wangu, leo ningempa mama mkono anigonge tena."

Msusi akachomoa chanuo la mama nyweleni mwake kwa mkono mzima, akakigonga kidole kile, polepole. Dada hakuuondoa mkono.