Chaja ya Marehemu

Bi Geok alikuwa anaosha vikombe alipokumbuka: hawakuchoma chaja.

Kompyuta waliichoma jana, siku ya kumaliza matanga, imfuate marehemu ahera; ya karatasi, nzuri, kioo chake cha nailoni. Mwanawe Wei Liang alishikilia kwa simu kutoka Perth kwamba baba naye aende na wakati. Wakachoma na nyumba, na gari, na dereva wa gari. Chaja, hakuna aliyeikumbuka. Sasa mzee Teik Huat, aliyeuza mchele maisha yake yote hapa Pinang bila kumsumbua mtu, amekaa huko ahera na kompyuta iliyozima. Mjane atalalaje?

Akaenda kwa Boon Kheng, muuza vitu vya kuchomea wafu.

"Chaja sina, shangazi. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika."

"Wangu hakuwa mtu wa kulalamika. Ndiyo maana nimekuja mimi."

Boon Kheng akacheka, akapekuapekua, akatoa kikokotoo cha karatasi. "Basi chukua hiki. Kinatumia jua, hakitaki waya wala betri."

"Huko kuna jua?"

Boon Kheng akakirudisha kwenye rafu.

Ukweli ni kwamba Bi Geok alijua tangu mwanzo mumewe anataka nini. Alikuwa anajizungusha tu. Nyumbani, juu ya meza ya duka lao la mchele, kilikuwepo kihesabio chake cha shanga, cha mbao nyeusi, kisichowahi kula umeme. Nguvu yake ilikuwa vidole vya mzee na sahani ya wali. Umeme ukikatika mtaa mzima, majirani wakakaa wanajipepea, kwa Teik Huat ta-ta-ta iliendelea. Tangu afe, kila jioni Bi Geok alizisukuma zile shanga ovyo, hahesabu chochote, ili nyumba isinyamaze. Upweke ulikuwa unamla, na ile ndiyo sauti pekee aliyobakiwa nayo.

Akawasha udi mbele ya picha ya mumewe, akachukua sarafu mbili, kila moja imepakwa rangi nyekundu upande mmoja. Zikianguka moja nyekundu na moja nyeupe, marehemu amekubali. Zikifanana, amekataa, au anakucheka.

"Nikutafutie chaja?" Zikafanana.

"Kile cha jua?" Zikafanana tena.

"Cheka tu," akamwambia. "Ulikuwa mbishi ukiwa mzima, umekufa na ubishi wako."

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, huku akiomba zifanane: "Unataka shanga zako?"

Moja ikaanguka nyekundu. Ya pili ikazunguka, ikazunguka, ikalala nyeupe.

Wako wanaorusha mpaka wapate wanalolitaka, na nani angejua? Yeye hakurusha tena. Akakibeba kihesabio hadi kwenye pipa la kuchomea, pale mlangoni. Mbao zile ngumu ziliwaka kwa shida. Shanga zikadondoka mojamoja, zikigonga bati, kisha zikaacha.

Desturi inataka uulize kama mzigo umefika. Akarusha sarafu. Umefika, mara ya kwanza tu.

Jioni alikaa mezani. Vidole vikaenda vyenyewe mahali pale pale, vikakuta meza tupu.

"Haya, hesabu basi," akasema. "Hesabu kwa nguvu, nikusikie."

Akatega sikio mpaka giza likaingia.