Sumaku ya Spika

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Ishiara, na nakiri bila haya kwamba asubuhi ile hospitalini Embu mjini niliogopa. Kichwa kilikuwa kimeniuma miezi miwili. Daktari alitaka kipigwe picha kwa MRI, aone kama kuna uvimbe. Hilo neno uvimbe lilikuwa limeninyima usingizi tangu Jumatatu.

Nilishajaribu kutoroka mara mbili. Kwanza nilisema tumbo linaniendesha, halafu nikasema nimesahau kitambulisho. Mke wangu Rwamba akakitoa mkobani mwake. Ndiye aliyenijazia fomu pia, maana maandishi madogo yalizidi kuniumiza kichwa.

"Baba Mukiri, wanauliza kama uko na chuma ndani ya mwili."

"Chuma gani? Kwani mimi ni trekta?"

Akacheka, akaandika hapana.

Mashine ilikuwa nyuma ya mlango mzito. Kendi, mtaalamu wa picha, aliniambia niache nje mkanda, saa, funguo na simu. Nikamtupia swali, ili tu nichelewe.

"Na hiyo mionzi haitanichoma?"

"Hii haina mionzi, mzee. Mionzi ni ya eksirei. Hii ni sumaku, lakini kubwa sana. Ukiingia na spana mfukoni, itaruka huko ndani kama risasi."

Sumaku! Kwetu kazini, chembe ya chuma ikikurukia jichoni kutoka kwa grenda ya kusagia chuma, huendi hospitali. Unaenda kwa Njagi, fundi mwenzangu, ambaye ana sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Anakufunua kope, anaisogeza karibu, na chembe inatoka yenyewe. Mimi amenitoa nyingi. Lakini mwaka jana moja ilikataa. Njagi alisogeza sumaku kwenye jicho la kushoto, nikahisi kitu kikivutika ndani, kikichoma kama sindano, na hakikutoka. Siku ya nne maumivu yaliisha, tukasema imeyeyuka. Mafundi wawili wa chuma tuliamini kwamba chuma kimeyeyuka jichoni!

Na kama sumaku ya spika ilivuta vile, hii ingefanya nini?

"Siingii," nikasema.

"Ameanza tena." Rwamba alinisukuma mgongoni. "Mwanamume mzima! Ingia tumalize twende nyumbani."

Kendi alikuwa amekwisha kufungua mlango. Nikashika fremu kwa mikono miwili. Nilijua ninavyoonekana, mwongo wa tumbo na kitambulisho, na nani angeniamini mara ya tatu? Lakini kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nikachagua kicheko.

"Iko chuma kwa jicho!" nikapiga kelele. "Njagi alishindwa kuitoa na sumaku!"

Kendi hakucheka. Alifunga mlango kwanza, ndipo akaniuliza ni lini, na ni jicho gani.

Nikapelekwa kwenye eksirei. Kendi alitueleza kwamba mionzi yake hupenya nyama kwa urahisi, lakini mfupa na chuma huizuia, ndiyo maana hutokea vyeupe. Fuvu langu likaonekana kwenye kioo cha kompyuta. Ndani ya tundu la jicho la kushoto palikuwa na nukta nyeupe kuliko mifupa yote, ndogo kuliko punje ya wimbi.

"Ungeingia, hii ingesonga," Kendi akasema. "Pengine ungepoteza jicho. Kichwa tutakipiga picha kwa mashine nyingine, CT. Hiyo inatumia mionzi, haina sumaku."

Kwa hiyo uvimbe bado ulikuwa unaningoja, na hofu yangu haikupungua hata kidogo. Kendi alimrudishia Rwamba fomu airekebishe. Rwamba alikuwa bado anaitazama ile nukta. Akakata neno hapana, kisha akaiweka kalamu chini kabla ya kuandika ndiyo.

"Baba Mukiri," akasema, "mimi ndiye nilikuwa nakusukuma."