Uwanja wa Hilali Ulivyopanda

Jumanne moja, saa mbili asubuhi, Lazhar alikuwa anaburuta mpira wa maji kwenda kumwagilia lile goli la upande wa makaburini, akajikwaa. Kuangalia kilichomkwaza, akaona ni ukingo wa uwanja. Uwanja wa Hilali, klabu ya mpira ya mji ule, ulikuwa umenyanyuka dhiraa moja kutoka ardhini, wote mzima, na magoli yake mawili na vibendera vyake vinne vya kona, umetulia hewani kama sinia. Lazhar akapitisha mkono chini yake, akapapasa mizizi, akaona haina ubaya. Kisha akaenda kutafuta matofali mawili ya kupandia, maana nyasi zilikuwa na kiu, na jua la Bir Zarrouk halina utani na mtu.

Huyu Lazhar ndiye aliyekuwa anautunza uwanja ule, miaka thelathini na moja. Mke hana, mtoto hana; nyasi ndizo alizonazo. Alizipanda baba yake, shina kwa shina, mwaka ule nzige walipokula mpaka mapazia ya msikiti. Nzige wakazipita zile nyasi, wala hawakuzigusa. Lakini hayo ni ya zamani.

Alipomaliza kumwagilia akaenda kwa mwenyekiti wa klabu, Bwana Ferjani, kwao husema Si Ferjani. Si Ferjani ana duka la dawa, mtu mwema sana, ila anazungumza taratibu mpaka mgonjwa anapona kabla hajapewa dawa.

"Uwanja umepanda," Lazhar akamwambia.

"Kiasi gani?"

"Dhiraa."

"Jumapili tutacheza?"

"Kucheza tutacheza. Tofali tu."

Si Ferjani akavua miwani, akaifuta. "Ni yule mtu wa jana," akasema.

Na kweli, jana yake alikuwa amekuja mnunuzi. Klabu ilikuwa taabani. Basi la wachezaji lilikuwa limesimama kwa fundi tangu masika, wachezaji wenyewe wanakula kwa mama zao, na Shirikisho la mpira lilikuwa limeandika barua: Hilali isipopata mmiliki kabla ya siku ya kwanza ya kuchuma zeituni, jina lake linafutwa. Miaka sabini ya Hilali, ifutwe kama chaki. Kwa hiyo Si Ferjani alikuwa anatafuta mnunuzi kama mtu anayemtafutia binti yake mchumba, kila aliyevaa viatu vizuri anamkaribisha.

Na mnunuzi akija Bir Zarrouk hazungumzi biashara kwanza. Anakaa katikati ya uwanja, kwenye ile duara, juu ya mkeka, analetewa kuskusi ya kondoo na Bi Mbarka, mjane anayefua jezi, na wote wanakula sinia moja, mnunuzi na wachezaji na Lazhar. Mtu akishakula hivyo, huwezi kumwambia tena nionyeshe karatasi, nihakikishie hiki na kile. Ni aibu. Kumwomba karatasi mtu mliyelamba naye vijiko ni kama kumpekua mgeni mifuko.

Yule wa jana alikula vizuri, akashukuru, akafuta mdomo. Halafu akauliza: "Na kiwanja hiki, mita zake ngapi?"

Hakuuliza kipa ni nani. Hakuuliza timu iko nafasi ya ngapi. Mita. Uwanja ukamsikia.

Baada yake akaja mwenye vituo vya mafuta kutoka Sfax. Akala, akauliza maji ya bomba yanapita wapi. Dhiraa mbili. Akaja mwingine aliyerudi kutoka Ufaransa na tumbo na mbwa, akauliza kama makaburi yanaweza kuhamishwa. Pale uwanja ulipanda mpaka urefu wa nyumba ya ghorofa, palepale, sinia la kuskusi likiwa katikati. Mbwa akalia kidogo. Wakamshusha mgeni kwa kamba.

"Uwanja umefanya kama mtu anayeinua kanzu maji machafu yakipita," Bi Mbarka akasema.

"Na wewe punguza chumvi," Lazhar akamwambia. "Labda ni kuskusi yako inawafukuza."

"Kuskusi yangu? Wewe uliyemaliza nusu ya sinia? Hebu kanyoe nyasi zako huko."

Watu wakazoea. Wakaleta zile ngazi za kuchumia zeituni, wakazifunga moja kwa nyingine. Wachezaji wakawa wanapanda nazo, refa anapanda na filimbi mdomoni, mshika kibendera anapanda na kibendera kwapani. Siku za mechi, wanawake walitandika chini yale maturubai wanayotandika mizeituni ikichumwa, wakayashika pembe nne, mpira ukitoka nje wanaudaka. Shirikisho likatuma mtu kukagua. Akasoma kanuni zote, akaona zinasema uwanja lazima uwe sawa na wenye majani, kuhusu urefu wa kwenda juu hazisemi kitu. Akagonga muhuri, akaomba maji.

Kila mtu mjini alipita chini ya uwanja kwa sababu zake mwenyewe. Mizizi ilikuwa inaning'inia, myeupe, mirefu, kama ndevu za mzee sana, na udongo unadondoka kidogo kidogo. Wengine waliigusa, wakajipaka udongo wake usoni.

Zikabaki wiki mbili kufika zeituni, ndipo akaja Bwana Chedli.

Bwana Chedli alikuja na gari la kawaida na suti ya kijivu. Akapanda ngazi mwenyewe, hakuomba kushikwa. Akakaa mkekani, akala, akaongeza, akaongeza tena, akakomba na mkate. Akamuuliza kipa habari za goti lake. Hakuuliza mita. Wote walikuwa wanaangalia ukingo kwa kuibia, na ukingo haukusogea hata unywele.

"Huyu ndiye," Lazhar akamnong'oneza Bi Mbarka. Alikuwa ameshika nyasi kwa vidole, kama mtu anayeshika nguo ya mama yake.

"Subiri anywe chai."

Akanywa chai. Akatoa karatasi, akampa Si Ferjani kalamu. Si Ferjani akaishika ile karatasi, miwani ilikuwa mfukoni, mkono ukaanza kwenda mfukoni, ukarudi. Mtu amekula, ameongeza mara mbili! Atavaaje miwani mbele yake? Akasaini. Wanawake kule chini wakapiga vigelegele, kipa akalia, na Lazhar akamwagilia uwanja mara mbili siku ile kwa furaha, mpaka Bi Mbarka akalowa huko chini na jezi zake.

Keshokutwa yake wakaja wapimaji wa Bwana Chedli na vigingi. Wakawa wanavipigilia palepale chini ya uwanja. Ndipo Si Ferjani alipovaa miwani, akasoma kwa sauti, taratibu kama kawaida yake. Karatasi ilisema Bwana Chedli amenunua ardhi, ukuta, geti, na kila kinachogusa ardhi hiyo. Hilali haikutajwa. Hilali haikuwa inagusa ardhi.

"Na timu?" Bi Mbarka akamuuliza Bwana Chedli, ambaye alikuwa amekuja kuangalia kazi.

"Timu nawatakia heri, mama. Mimi biashara yangu nyumba. Mpira naupenda kwenye televisheni."

"Si ulikula?"

"Nilikula, na ilikuwa tamu. Mungu akubariki mikono."

Alikuwa hatanii. Kweli ilikuwa tamu.

Uwanja ukaanza kupanda tena. Haukufanya haraka. Lazhar alikuwa juu ananyoa nyasi, akaona paa la msikiti linashuka, kisha kile chumba cha mwadhini, kisha mwezi wa shaba wa kwenye ncha ya mnara, karibu sana, akaona umeota kutu upande mmoja ambao hakuna aliyewahi kuuona. Akazima mashine. Ukimya ulikuwa mkubwa. Mashamba ya mizeituni yalijipanga pande zote kama watu wanaoswali, na mwisho wake, mbali, palikuwa na mstari wa buluu. Lazhar alikuwa na miaka sitini na nne na hajawahi kuiona bahari. Akavua kofia yake nyekundu.

Ngazi zilikuwa zimefungwa kwa juu, zikaondoka na uwanja, zikabaki zinaning'inia. Wakaunganisha nyingine na nyingine kuelekea chini, mpaka mlinzi wa Bwana Chedli akawaambia, kwa upole, "Ami Lazhar, ikigusa chini inakuwa yetu." Wakaacha shubiri moja. Mlinzi huja kila asubuhi na tofali, analipitisha chini ya ngazi ya mwisho, likipita anaandika kwamba limepita.

Siku ya kwanza ya zeituni jina likafutwa. Nyumba zikajengwa, ghorofa nne, nzuri, zina kivuli siku nzima. Wakazi wanalalamika kwamba Jumapili chokaa inadondokea nguo walizoanika.

Hilali bado inacheza. Magoli hayahesabiwi popote, lakini timu zinakuja kutoka mbali, zinapanda nusu saa, zinafika juu hazina pumzi, zinakaa chini kwanza. Juzi juzi kipa wa wageni, mtu mzima ana ndevu, aligeuka kuiangalia bahari, akafungwa goli, akaendelea kuiangalia. Refa akamwachia mpaka alipotosheka. Mawingu yakapita katikati ya wachezaji, wakasubiri yapite.

Na Si Ferjani anaendelea kukaribisha wanunuzi, maana akipatikana mmoja, jina litarudishwa. Bi Mbarka anapandisha kuskusi mgongoni. Mwezi uliopita alikuja mtu wa Tunis, mpole, ana manukato. Akala katikati ya duara, akashukuru, akasogea ukingoni, akachungulia mapaa kule chini, akaangalia pande zote nne.

"Na huku hewani," akauliza, "mita yake inakwendaje?"

Bi Mbarka akaanza kukusanya vijiko. Lazhar akaishika kofia yake upepo usiichukue, akasubiri mpaka uwanja ulipotulia. Halafu akateremka zile ngazi zote mpaka ya mwisho, akanyoosha mguu kuangalia imepungua kiasi gani. Dhiraa moja na shubiri.

Akaita kwa sauti aletewe ngazi nyingine.