Aliyepiga Magoti Mapema Mno

Sieni Faleafa hakuwa mtu wa kuamini haraka. Kazi ya rufani ilikuwa imemharibu: miaka nenda miaka rudi anasoma maneno yaliyosemwa mbele ya majaji wengine, akitafuta yalipopinda. Mawakili wenzake wa Apia, mji mkuu wa Samoa, walimwita Pua.

Safari hii mteja wake alikuwa Faitala, aliyefungwa kwa kumpiga jirani yake Asuelu gizani, shambani. Asuelu hakumwona aliyempiga. Kilichommaliza Faitala ni ifoga, desturi ya ukoo kuomba radhi: mjomba wake, mzee Leota, mkuu wa ukoo, alijifunika mkeka wa thamani akapiga magoti mbele ya nyumba ya Asuelu, hadi wenyewe wakaufunua na kusamehe. Jaji akasema huko ni kukiri.

Leota ndiye aliyemtafuta wakili. Hata gerezani aliandamana naye, akamjibia Faitala kila swali. Leo alikuja ofisini na magimbi ya kuchoma na tabasamu. Tabasamu lile Sieni hakulipenda hata kidogo.

"Mwanangu, waambie majaji ukoo hupiga magoti hata kwa asiye na kosa."

"Nitawaambia, baba. Ulipiga magoti saa ngapi?"

"Kabla ya jua. Ndiyo heshima."

"Na Asuelu aliokotwa lini?"

"Jua lilipochomo..."

Sieni alisikia masikio yanawaka kwa aibu. Mkeka ukishafunuliwa, jambo limekwisha. Kumhoji aliyekuwa chini yake ni kumvua nguo mzee wa watu. Ndiyo maana kesi nzima hakuna aliyethubutu. Hata hivyo akauliza.

"Watu wa Asuelu walikuwa wangali wamelala. Nani alikuambia ameumizwa?"

Leota aliutazama mlango. Ulikuwa umefungwa.

"Tavita, mwanangu wa kumzaa, alirudi na damu shatini. Mimi sikutaja jina. Wao ndio waliomtaja Faitala, kwa sababu aliwahi kugombana na Asuelu."

"Nawe ukanyamaza!"

"Tavita ana watoto wadogo. Faitala hana hata mke." Akatabasamu tena. "Haya yatabaki hapa. Wakili hatoi siri ya mteja wake."

"Mteja wangu ni Faitala, baba. Si wewe."

"Mimi ndiye mkuu wake! Nikisema mimi, amesema yeye."

"Huko nyumbani, labda."

Mzee akacheka kidogo. "Basi nenda kamwulize. Anajua tangu siku ya kwanza."

Njia nzima Sieni aliendesha gari akiwa na hasira na hofu. Alimshuku hata Faitala sasa. Mtu anayejua na kunyamaza atanyamaza tena, na bila ruhusa yake majaji hawatasikia neno.

Faitala alipoletwa, alichungulia nyuma ya wakili.

"Mzee yuko wapi?"

"Nimekuja peke yangu. Amenieleza habari za Tavita. Nikuulize wewe sasa: niwaambie majaji?"

Kijana akajifunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti bila kuwajali askari.

"Dada, tangu nifungwe hakuna aliyeniuliza mimi," akasema. "Waambie."